Mbio za Malkia, Masikio ya Nani?

Jumapili, 5 Oktoba 2025

Sikufika misa. Mbweha wamechukua mtoto wa mbuzi — yule mwenye miguu myeupe. Na Malkia, mbwa wangu wa mbio, alikuwepo! Huo ndio uchungu wenyewe.

Mbweha wa kwanza alitokea korongoni, akajionyesha kabisa. Malkia akafyatuka. Hapa kwetu Kola hakuna greyhound wa kumfikia kwa mbio (hakuna greyhound mwingine, tuseme ukweli). Akavuka mto mkavu, akavuka shamba la ndengu, akapotea. Ndipo mbweha wa pili akatoka kwenye mkonge, polepole, akabeba chake. Nimeita mpaka sauti ikakauka. Malkia alirudi saa nane, ulimi nje, amefurahi kama ametoka harusini.

Mzee wangu Bartholomew akasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Nikamwambia basi akimbie yeye.

Huyo ni wa tatu mwaka huu. Mwezi ujao mbuzi sita watazaa. Nikiendelea hivi nitakuwa nafugia mbweha.

Jumanne, 7 Oktoba

Malkia ameingia joto. Nimeona damu asubuhi.

Nimempigia Kanini, daktari wa mifugo. Nimemwambia wazo langu: nataka chotara. Miguu ya Malkia, masikio ya mbwa wa kuchunga. Afukuze mbweha mpaka korongoni, akiitwa arudi. Si wa kuwinda, sitaki maneno na watu wa wanyamapori. Wa kufukuza na kurudi, basi.

Kanini hakucheka. Alisema Malkia ana miaka sita, ameshazaa mara moja, na akizaa tena iwe ndiyo mwisho. "Mama Nzilani, chagua dume poa. Hii nafasi haitarudi." Siku nzuri ni kuanzia Alhamisi ya wiki ijayo mpaka Jumatatu.

Nafasi moja! Nimemfungia Malkia kwenye stoo ya mahindi. Madume ya mtaa tayari yamepanga foleni getini.

Jumamosi, 11 Oktoba

Macharia, mume wa binti yangu Nzilani, amenipeleka kwenye ranchi upande wa Konza kuona collie, mbwa wa kuchunga kondoo. Ni yeye aliyeniletea Malkia walipohamia Mlolongo, ghorofa ya nne. Tangu hapo anajiona mtaalamu. Njia nzima ni collie, collie, ako na papers Mum, hata babu yake anajulikana.

Collie ni mzuri, sitamsingizia. Mchungaji akipiga mluzi, analala. Akipiga mwingine, anazunguka kondoo kushoto. Nimeona vitu!

Halafu simu ya mchungaji ikalia. Akageuka kuongea. Kondoo wakaanza kuteleza mmoja mmoja kwenda kwenye shamba la majani ya lusene, na collie amelala tu, anamtazama bosi wake. Hakuna mluzi, hakuna kazi. Na manyoya yale — saa nne asubuhi alikuwa anahema chini ya gari.

Mbuzi wangu nawachunga huku nikipika, nikifua, nikipura maharagwe. Mluzi nitapiga saa ngapi?

Macharia amenuna kidogo. Nimemnunulia soda.

Jumatatu, 13 Oktoba

Kanini amenipa habari ya mbwa wa Mzee Kaloki, kule Muthetheni. Anaitwa Chifu. Mzee Kaloki anafungua zizi asubuhi anarudi kunywa chai, Chifu anapeleka mbuzi na kuwarudisha mwenyewe. Mbwa wa kienyeji, manyoya mafupi, rangi ya udongo.

Nimempigia. "Chifu? Huyo ni ngiti kweli, mbwa hasa, mama. Akiangalia mbuzi, mbuzi inajua makosa yake." Nikauliza ana afya? Ana. Ana umri gani? Minne. Ni mkali? Kwa wezi tu. Nimeuliza yote.

Alhamisi, 16 Oktoba

Sikuuliza yote.

Tumekodi pikapu mpaka Muthetheni, Malkia nyuma na mimi nimemshika shingo, mzee mbele amevaa koti la kanisani. Madume kila soko yanatufuata. Tumefika. Chifu akaja na mbuzi thelathini, bila mtu, bila kelele. Mbuzi mmoja akatoka mstarini, Chifu akamtazama tu, akarudi. Nilitaka kulia. Nikasema huyu, huyu hasa!

Chifu akalala chini, akageuka ubavu. Matiti mstari mzima.

Asi!

Chifu ni jike! Tangu Jumatatu tunasema Chifu yuko hivi, Chifu anafanya vile, na hakuna aliyedanganya mtu. Mzee Kaloki akashangaa zaidi yangu. "Kwani ulitaka dume? Si ulisema unataka mbwa." Jina la Chifu alilipata kwa kuwa aliwakalia ndugu zake wote. Bartholomew alicheka mpaka akashika pikapu. Nikacheka pia, lakini kwa hasira.

Ndipo Mzee Kaloki akaonyesha kijana wa Chifu, amelala kwenye kivuli. Karani. Mwaka mmoja na nusu. Anachunga? "Anafuata mama yake." Hilo si jibu. Lakini amenipa nikae naye mpaka Jumanne.

Ijumaa, 17 Oktoba

Karani amechunga leo. Vizuri? Sijui. Mbuzi walikuwa wavivu kwa jua, hata mimi ningewachunga nikiwa nimelala. Usiku amelala mlangoni mwa stoo ya Malkia. Hajala.

Jumamosi, 18 Oktoba

Bado hajala. Ukimwita anakutazama, kisha anautazama mlango. Dume ni dume.

Macharia amepiga simu. Mwenye collie amekubali, ataletwa Jumatatu, sikukuu ya Mashujaa. Nimesema sawa. Nilisema haraka, kama mtu anayeogopa kubadili mawazo.

Mzee amesema mbwa ni mbwa, nimchukue yule aliye karibu. Nimemwambia akae kimya. Anajua naogopa. Nikikosea, nitakaa na makosa yangu miaka kumi, yanabweka.

Jumatatu, 20 Oktoba — Mashujaa

Naandika nimesimama hapa uani, daftari juu ya pipa la maji.

Macharia alisema yuko njiani, Kyumbi, na collie. Nikasema moyoni, kabla hajafika nimpe Karani nafasi yake. Mbuzi walikuwa nje wanakula, mzee akiwaangalia. Nikamtoa Malkia stoo, ndani ya ua. Karani akamjia, mkia juu. Malkia akasimama vizuri, akapeleka mkia pembeni. Nikasema basi, imeamuliwa na wenyewe.

Mbweha akalia korongoni.

Malkia akaruka, nikashika kamba, karibu initoe mkono. Karani akasimama. Akamtazama Malkia — siku nne hajala kwa ajili yake! — akatazama mbuzi. Akaruka ua.

Sikumpigia mluzi. 

Mbweha alijionyesha vilevile, pale pale. Karani hakumfuata. Alimkimbilia hatua kama ishirini, akageuka, akaenda moja kwa moja kwenye mkonge. Yule wa pili akatoka mbio, kinywa kitupu! Mzee amevua kofia.

Sasa anawakusanya mbuzi. Anawaleta kwa zizi, saa tatu asubuhi, bila kuambiwa. Wawili wamebaki kule kwenye mteremko, amewarudia.

Na Malkia hapa, ambaye hajawahi kumngojea mtu, amekaa. Kamba imelegea mkononi mwangu. Macho yake yako mteremkoni.

Honi getini. Macharia. Mzee anauliza kwa mbali, afungue?

Honi tena.

Nimemwambia ngoja. Karani hajamaliza.