Sauti Niliyoipamba

Kaka yangu Salim,

Nimeanza barua hii mara tatu kwa salamu za redio, zile za kuchangamka, nikazifuta zote. Habari zako ninazijua. Uko Embu kwa binti yako Zaituni, unakunywa uji polepole, na huwezi kusema hata neno moja. Nisichojua ni kama Jumamosi asubuhi bado unafungua redio. Kama unafungua, basi unanisikia niko peke yangu, nikijifanya ninaweza.

Miaka tisa tulikaa meza moja, wewe mtoto wa bucha wa Majengo, mimi mtoto wa wakulima wa Kanyakine. Kila Jumamosi benchi la nje ya studio lilijaa vijana. Kulikuwa na waimbaji wenye flashi za biti mifukoni, na wale waliotaka kuwa watangazaji, wengine wamevaa tai za baba zao. Kazi yetu ilikuwa kuwasikiliza na kuwaelekeza hewani. Waimbaji uliwazimia biti. "Imba kavu," uliwaambia. "Biti ni makeup. Mimi nataka kuona uso."

Watangazaji uliwapa tangazo la kifo, lile refu kabisa, lenye watoto kumi na mmoja, wakaza wana, wajukuu na shemeji wa kila pembe ya Imenti. Nakumbuka kijana mmoja alimruka mke wa pili wa marehemu. Ukamsimamisha palepale. "Wewe! Huyo mama amekaa na majirani wote hapo kwa redio, anangoja jina lake. Sasa umemzika na yeye?" Tulicheka sote, na yeye akacheka. Kisha ukamshika bega, ukamfanya asome tena mara nne mpaka akatoa tangazo lote. Siku hizi anasoma habari katika redio nyingine, na sauti yake imetulia kama yako ilivyokuwa.

Mimi ndiye niliyeshika mitambo. Wewe ulikuwa ukisema zile mashine zinakuumiza kichwa, ukaniachia vitufe vyote. Kwa hiyo mimi ndiye niliyeisikia kwanza, kabla ya Ramadhani ya mwaka jana. Ulikuwa unasoma tangazo na mwisho wa sentensi sauti ikakwaruza, ikapotea, ikarudi. Nikadhani ni mafua. Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Ya tatu nikanyoosha mkono, nikakuongezea besi kidogo, nikapunguza ile mikwaruzo, ukasikika mzima.

Wasikilizaji hawakujua. Lakini kilichonila moyo ni kwamba hata wewe hukujua, maana sauti ile niliyoipamba ndiyo niliyokurudishia kwenye hedifoni zako. Ulijisikia masikioni mwako ukiwa mzima kabisa. "Eh, Kanana, leo niko sawa," ukaniambia Idi ilipopita. "Hii tangawizi ya Mama Zaituni si mchezo." Nikakujibu, "Uko fiti, Kaka." Nilisema hivyo nikiwa nimeshika kitufe.

Utauliza kwa nini. Ningependa kusema nilikuhurumia, na kweli nilikuhurumia. Wakubwa walikuwa wameanza kuongea habari za sauti changa, na niliogopa wakikutoa wataniletea mchekeshaji fulani wa mtandaoni. Lakini kuna lingine, na hili nalitamka kwa aibu. Ulipokuwa ukikohoa, mimi nilichukua zamu yako. Mara ya kwanza nilisaidia. Baadaye nikaanza kupenda. Watu walianza kunipigia simu mimi kabla yako, na nikajiona nimekua.

Unamkumbuka yule msichana wa Kaaga aliyetaka kusoma habari za michezo? Alikaa mbele yako, akavua hedifoni, akakutazama kwa mshangao. "Ai, mbona sauti yako ya hapa si ile ya kwa redio?" Wewe ukanigeukia mimi. Nikacheka, nikasema, "Hayo ndiyo maajabu ya redio, msichana wangu," nikaweka wimbo. Mtoto wa dakika tano studioni alikuambia ukweli, na mimi wa miaka tisa nikamnyamazisha. Sijawahi kumwomba msamaha yeye pia.

Kisha ikaja ile siku ya wasikilizaji kule kwetu Kanyakine, shule zilipofungwa mwezi wa nane. Spika zilikuwa za kukodi, na mitambo yangu nilikuwa nimeiacha mjini. Uliposhika maiki ukasema "Mwendwa msikilizaji", yaani mpendwa, kama ulivyozoea kuwasalimu, ikatoka sauti nyembamba ya mtu mgonjwa. Mama yangu aliyekuwa safu ya mbele akaweka mkono mdomoni. Uliigonga maiki mara mbili. "Hii kitu imeharibika," ukasema. Nami, Mungu anisamehe, nikakupa nyingine.

Ulienda hospitali mwenyewe, Jumatatu yake, bila kuniambia. Zaituni ndiye aliyenieleza maneno ya daktari: kwamba ungefika miezi michache mapema, pengine uvimbe ule ungetibiwa na kisanduku cha sauti kikabaki. Walikitoa chote.

Nimekuja kukuona mara moja tu, na wewe unajua mimi si mtu wa kukosa. Ulikuwa kwenye kiti cha plastiki pale uani, kitambaa cheupe kimefungwa shingoni, daftari la shule mapajani. Ukaandika: "Ilikuja ghafla. Hata wewe na masikio yako hukusikia." Nikasema, "Hata mimi, Kaka." Ukanishika mkono ukaupapasa, ukinituliza. Wewe ndiye uliyenituliza mimi! Nilienda stendi nikilia, na tangu hapo nimetoa kila kisingizio, mara kazi, mara mvua.

Ninaiandika barua hii wazi, isomwe na kila mtu, kwa sababu wasikilizaji wetu bado wananisimamisha sokoni kunishukuru. "Ulimtunza Salim vizuri," wananiambia, na wananibebea ndizi. Jumamosi iliyopita nilimwambia mwimbaji mmoja atafute rafiki asiyemficha kitu. Nikashindwa kuendelea. Niliweka nyimbo tatu mfululizo, nikakaa nikiangalia kiti chako.

Haikuja ghafla, Salim. Niliisikia ikiondoka, wiki baada ya wiki, na nikaipaka rangi ili usiione.

Zaituni nilimwambia jana kwa simu. Akasema, "Auntie, mimi hiyo siwezi kumpelekea. Kuja umwambie mwenyewe." Kwa hiyo Alhamisi nitakuja Embu. Nitakaa mbele yako niyaseme yote haya kwa mdomo wangu, maana mimi mdomo bado ninao. Uniandikie chochote unachotaka. Ukiandika nitoke, nitatoka, na sitakulaumu. Ila usiniandikie tena kwamba hata mimi sikusikia.

Dada yako wa meza moja,
Kanana