Nguo Yenye Sura ya Mheshimiwa

Kindu

Mama yangu,

Jambo sana. Najua Shabani ameketi karibu na jiko lako na anakusomea haya huku akitafuna kitu. Shabani, mdogo wangu, soma polepole, usiruke maneno. Mama, goti linakusumbua bado? Mpunga wa mwaka huu uliuanika vizuri, au mvua ya huko kwenu Obokote ilikuwahi? Sisi huku tu wazima. Cherehani yangu inakohoa kidogo lakini inashona.

Binti yangu Riziki, mjukuu wako, tumbo limeshuka. Mkunga anasema mwezi huu hauishi kabla hajajifungua. Mumewe bado yuko Pangi kwenye machimbo, kwa hiyo siku ikifika, atakayempeleka hospitali ni mimi. Na wewe unakijua kile kijito kati ya mtaa wetu na hospitali. Ulikivuka ulipokuja kumzika mume wangu Ramazani.

Kumbuka daraja lile. Wakati wa vita, marehemu mume wangu na majirani walikata magogo sita, wakayalaza pale alfajiri, wenye bunduki wakiwa bado wamelala. Hakuna aliyeuliza ni kazi ya nani. Serikali yenyewe hatukujua iko upande gani wa mto. Wagonjwa walipaswa kuvuka, basi. Leo magogo yamebaki mawili, na moja ukilikanyaga linalia.

Halafu amani ikaja, na kura ikaja. Mbunge wetu alisimama katika uwanja wa shule, akasema daraja litakuwa la chuma, gari litapita. Tulipiga vigelegele, Mama, mimi nikiwa mbele. Siku ile aligawa vitenge vyenye sura yake, na kwa sababu mimi ni mshonaji, wanawake wa mtaa mzima walileta vyao kwangu. Wiki nzima nilikata kitambaa kile, nikiangalia sura isikatike shingoni. Chako ndicho nilichokishona vizuri kuliko vyote, nikakutumia na lori la chumvi.

Tangu hapo alipita mara nyingi barabara kubwa, kijitoni hapana. Mvua iliyopita, mkamwana wa jirani yangu Mama Salima alishikwa na uchungu usiku. Maji yalikuwa yamepanda, wabebaji waliogopa kuvuka, akajifungulia ukingoni, juu ya majani. Mtoto alipona. Mama Salima hakupona hasira. Alikuja kwangu akasema, "Wee Mwamini, si unajua kuandika? Andika. Ule mutu tulimuchagua, atuambie daraja iko wapi."

Nikaandika. Kurasa mbili, na chini majina ya wanawake wote, wasiojua kusoma wakaweka kidole. Tukasikia mheshimiwa amerudi kwa likizo ya bunge na ataonana na watu, kama sheria inavyomtaka aje kueleza kazi aliyoifanya. Tukapanga kwenda wote pamoja.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa ni langu, silisukumi kwa mtu. Unajua kwetu watu wakienda kwa neno moja huvaa kitambaa kimoja, iwe harusi, iwe matanga. Nikasema tuvae sare, atuone tuko kitu kimoja. Na sare moja tuliyokuwa nayo wote ni ipi? Ile yake! Tulienda kumlalamikia mtu tukiwa tumevaa sura yake kifuani na makalioni. Hakuna hata mmoja wetu aliyeliona.

Yeye aliliona mara moja. Alishuka garini akicheka meno yote, akatukumbatia, mpiga picha akapiga. Aliongea kidogo, akasema ana haraka ya ndege. Barua yetu ilipokewa na kijana wake wa ofisi, akaibana kwapani bila kuifungua. Kesho yake radio ikasema: "Wamama wamefika kwa wingi, wamevaa sura ya Onorabule, kumushukuru kwa kazi yote anafanya." Mama Salima aliipiga radio kwa kandambili. Mimi nilikaa mbele ya cherehani nikaona aibu mpaka masikio yakawaka. Majuto ni mjukuu, na huku mjukuu wa kweli yuko njiani.

Nilikasirika, Mama, sitakuficha. Wakati wa vita hatukuwa na wa kumwuliza. Sasa tunaye, tumemweka kwa mikono yetu wenyewe, na tukimwuliza anapigwa picha.

Siku tatu nilikaa na kiwembe nikifumua. Wanawake walileta nguo zao moja moja, wengine wakiguna, maana kitambaa ni kizuri na bado hakijachuja. Nilifumua mishono yote niliyoishona, tukavifua vile vipande, tukavikunja, tukavibeba kichwani hadi ofisini kwake mjini.

Sekretere, kijana yule yule aliyeibana barua yetu kwapani, alisimama mlangoni. "Wamama, hii yote iko nini?"

"Njo vikwembe yake," Mama Salima akamjibu, akimwonyesha vile vitenge. "Tunamurudishia. Sisi hatukumuomba nguo, tulimuomba daraja."

"Onorabule iko Kinshasa. Mumungojee."

"Hatukukuja kumuona yeye. Barua yetu uko nayo. Kopi njo hii. Piga muhuri hapa juu, uandike siku uliipokea, tunaenda."

"Mimi sina ruhusa, mama yangu."

"Basi tutakaa. Lakini watoto yetu watakula saa sita."

Na unajua Mama Salima alifanya nini? Alikuwa amekuja na kinu! Mimi nilidhani anakipeleka kwa fundi. Akakiweka katikati ya ukumbi, sisi wengine tukakaa chini tukachambua sombe, majani yetu ya muhogo, na yeye akaanza kutwanga. Ofisi nzima ilikuwa inatikisika. Wenye shida zao waliokuwa kwenye foleni wakacheka, kisha mzee mmoja wa Kibombo akasema naye anataka muhuri kwenye barua yake, kwani ana mwaka anaambiwa arudi kesho. Sombe haijalainika, sekretere akatoka na muhuri mkononi. Alitupigia sisi, akampigia na yule mzee.

Usidhani daraja limejengwa. Halijajengwa. Jumamosi wanaume wa mtaa watafanya salongo, kazi ya pamoja, watalaza magogo mengine manne, maana uchungu wa Riziki hautangoja bunge. Lakini safari hii nimeandika kwenye ubao mkubwa, tutaupigilia pale pale: Magogo haya yamewekwa na wakazi. Daraja bado tunalingoja. Mwenyekiti wa mtaa ameniambia natafuta matata. Naogopa kidogo, kweli. Ila kitambaa nakikata bila kupindisha mstari, na herufi za ubao ule nitazipaka rangi vivyo hivyo.

Kopi yenye muhuri nimeikunja ndani ya barua hii. Huku kwangu paa linavuja na wageni ni wengi. Wewe ndiye uliyefukia vyeti vyetu vya shule ndani ya kopo la mafuta nyuma ya jiko tulipokimbilia msituni, na vilitoka vikavu. Iweke hivyo hivyo. Siku atakaporudi kuomba kura, nitakuja kuichukua.

Nisalimie mjomba anayetega samaki, na shangazi wa mawese, umwambie chupa yake ninayo. Msalimie mke wa Shabani, na yule bibi jirani aliyeniimbia nilipoondoka, kama bado anasikia.

Neno la mwisho ni gumu, ndiyo maana nimelizungukazunguka. Nguo ile niliyokutumia, najua unaipenda. Shabani aliniambia ndiyo unayovaa kanisani, na kwamba umesema uzikwe nayo. Mama, nguo zote za mtaa zimerudi kwake, imebaki yako tu. Mpe mwenye pikipiki aliyeleta barua hii, anageuza Ijumaa. Nimekwisha kukununulia kitambaa kingine, cha buluu, chenye majani ya mgomba tu. Nitakushonea kwa kipimo kile kile, na Pasaka utaingia nayo kanisani bila kumbeba mtu yeyote mgongoni.

Binti yako,
Mwamini