Lori la Vipande au la Tayari

Jumatatu, 15 Septemba

Nimemeza vidonge vya asubuhi nikiwa nimegeukia ukuta, ili mke wangu Talaso asione ni vingi kiasi gani. Kisha chai. Kisha nikaketi barazani kama kawaida, nikaangalia vumbi likipita.

Kuna jambo nimeficha. Daktari wa Meru aliniambia moyo wangu umechoka. Akasema mtu wa umri wangu hapasuliwi. Akasema nisipange mambo ya mwaka ujao. Nyumbani nilisema ni presha. Talaso akapunguza chumvi kwenye chakula na akaridhika.

Mtu mwingine angeita wazee na kugawa ng'ombe. Mimi nasoma habari za lori dogo la kuendeshwa kwa rimoti. Si la betri. Ni la injini, linalokunywa mafuta ya nitro na kutoa moshi wa kweli. Nilifundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi. Injini ya mipigo miwili niliichora ubaoni mpaka ningeweza kuichora nikiwa nimefumba macho. Sijawahi kuishika.

Adan, mwanangu aliye Nairobi, amepata muuzaji. Anauliza: la vipande nijiundie mwenyewe, au la tayari? Anataka jibu wiki hii.

Jumanne, 16 Septemba

Sijalala vizuri. Nikilala chali pumzi inakatika. Nimeweka mito mitatu. Nimemwambia Talaso ni mgongo.

La tayari linatoka kwenye boksi likiwa na magurudumu, injini, bodi iliyopakwa rangi. La vipande ni mifuko ya skrubu, gia, springi na kitabu cha michoro. Mtu akiliunda polepole huchukua wiki nyingi. Nina wiki nyingi? Sijui. Hilo ndilo swali lenyewe, na siwezi kumuuliza Adan.

Tena "tayari" ni uongo wa wauzaji. Nimesoma maelezo yote. Injini mpya haikimbizwi. Unaiwasha, unaiacha iunguze tangi la kwanza ikitembea taratibu, inapoa, unarudia. Ukiiharakisha unaiua. Kwa hiyo hata hilo la tayari halijawa tayari.

Nikichagua vipande naweza kufa na meza imejaa skrubu. Watazifagia. Wazo hilo limenitia jasho.

Jumatano, 17 Septemba

Mutuma alikuja. Anauza miraa hapa mjini tangu tukiwa vijana wote wawili, na ni Mkristo anayejua sala zetu kuliko majirani wengine. Nilimwonyesha picha za lori kwenye simu.

"Mwalimu, chukua lile linatembea," akasema. "Wewe ukianza kufunga skrubu, hata hiyo kampuni itafungwa kabla hujamaliza."

Alicheka. Mimi nilicheka pia, halafu nikakohoa muda mrefu. Akaniangalia, akaangalia pembeni.

Mafuta ya nitro, kampuni za basi hazibebi. Yanashika moto haraka. Mutuma anasema pikapu za miraa zikishusha mzigo Nairobi hurudi tupu. Atawaambia vijana walete galoni. Talaso alisikia kwamba ndani yake mna spiriti, akasimama mlangoni.

"Baba Adan, hiyo ni pombe. Haiingii nyumba hii."

Nilimweleza kwamba si ya kunywa, ni sumu, anayeinywa hupofuka. Hakutulia hata kidogo. Akasema basi ni mbaya mara mbili. Mutuma akasema amebeba miraa umri wake wote bila mtu kumnusa, na leo mama anamnusa kwa mzigo ambao hata haujafika.

Waliniacha nikiwa nimechoka kama niliyebeba maji.

Alhamisi, 18 Septemba

Miguu imevimba. Viatu vimekataa. Nimevaa soksi ndefu kwenye joto hili.

Nimeamua. La tayari. Nilimwandikia Adan: "Nimeomba, nimefikiria. Tayari. Usichelewe." Kisha simu ikazima chaji, na umeme haukuwepo.

Ijumaa, 19 Septemba

Umeme bado. Sikwenda msikitini. Niliswali nimekaa kwenye kiti.

Majirani wawili walikuja getini, wakanisalimia kwa sauti ya chini, wakasema wamekuja kuniona tu. Hawakuketi. Sikuelewa. Niliogopa kwamba daktari amezungumza na mtu.

Jumamosi, 20 Septemba

Siku ya ajabu. Niandike kwa mpangilio.

Alfajiri lori la mbuzi lilisimama nje. Nikasikia kilio cha mwanamke. Nilikijua kilio hicho. Ni dada yangu Gumato, kutoka Sericho, safari ya kuvunja mifupa hata kwa mtu kijana. Aliingia uani na mtungi wa maziwa ya ngamia na mtandio umejaa vumbi, akilia jina langu. Mimi nilikuwa barazani na kikombe mkononi.

Alinyamaza. Akasema, "Wewe si umekufa?"

"Bado," nikasema.

"Na mimi nimelia kutoka Sericho!"

Mambo yakafumbuka polepole. Ujumbe wangu sikuutuma kwa Adan. Umeme ulikuwa umerudi, nikawasha simu nikaona: niliutuma kwenye kundi la familia. Gumato hajui kusoma, mwenye duka wa kule alimsomea kwa kifupi chake: "Ni Mwalimu. Tayari. Usichelewe." Na kwetu huku mtu akisema fulani tayari, ana maana imeshakuwa. Amekwisha. Usichelewe mazishi. Sisi hatulazi maiti. Akapanda lori la kwanza alilopata.

Wengine walisoma wenyewe, wakaelewa kwamba ninaaga, na habari ikafika kwa majirani. Ndiyo maana wale wawili walikuja getini.

"Tayari ya nini, basi?" Gumato akauliza.

Nikamweleza habari za lori. Alicheka mpaka akakaa chini. Talaso akacheka. Kisha Gumato akataka kunivua soksi anioshe miguu, kama tulivyofanyiana utotoni baada ya safari, ingawa aliyesafiri ni yeye. Nilikataa. Akavuta.

Wakaiona miguu ilivyovimba. Hakuna aliyecheka tena.

Nikawaambia. Yote, ya daktari wa Meru, na ya mwaka ujao. Sauti yangu ilikuwa ya darasani, kavu, kama ninayesoma matokeo ya mtihani. Talaso aliinuka akaenda jikoni. Nilisikia sufuria zikihamishwa kutoka mahali pamoja hadi pengine, bila sababu.

Ninaona aibu. Pia nimepata nafuu kidogo. Aibu ni kubwa zaidi.

Jumapili, 21 Septemba

Adan amepiga simu, Gumato ameshampa habari za moyo. Alikuwa analia, kisha akakasirika kwamba nimemfanya alie. Pesa hajatuma, muuzaji hafungui Jumapili. "Baba, nitakuletea lile la tayari mwenyewe. Uliendeshe ukiwa na nguvu."

Nikasema hapana. La vipande.

Akauliza kama nimemsikia vizuri. Talaso, ambaye hakuwa amenisemesha tangu jana, akasema kutoka ndani, "Mwambie baba yako asifanye utoto." Gumato akasema hata ngamia mjinga huchagua maji yaliyo karibu.

Niliwapa sababu. Mwalimu hujua kitu kwa kukiunda. Nimechora injini, sasa nataka kujua kila skrubu inakaa wapi. Sababu nzuri. Nilizisema kwa ufasaha. Adan akakubali kwa sababu hakuweza kukataa.

Baada ya simu moyo ulidunda vibaya hadi adhuhuri.

Jumamosi, 27 Septemba

Boksi limefika kwa basi. Zito kuliko nilivyodhani. Nimepanga mifuko mezani kwa herufi. Kitabu cha michoro ni safi, mistari imenyooka, nimekisoma kama mtu asomaye barua ya nyumbani.

Galoni la mafuta pia limefika. Talaso ameliweka nyuma ya choo, mbali na unga, mbali na mkeka wa kuswalia.

Sijafungua mfuko hata mmoja.

Jumatatu, 29 Septemba

Gumato bado yuko hapa. Hasemi atarudi lini, nami siulizi. Anakaa mezani na kuangalia mifuko kama anayeangalia mifugo ya mtu mvivu.

"Hizi zitazaana?" ameuliza.

Nimesema mikono inatetemeka, skrubu ni ndogo. Wote wakakubali mara moja, kwa upole. Upole huo sikuupenda.

Mutuma alipita. Akanyanyua mfuko wa kwanza, akautikisa sikioni, akaurudisha. "Mwalimu, nilikwambia." Lakini hakucheka safari hii.

Pumzi fupi leo. Nilihesabu mifuko tena badala ya kuswali sunna. Nilijua ninachofanya.

Jumatano, 1 Oktoba

Kumetulia. Upepo umeshuka. Gumato ameenda sokoni kuulizia lori la kurudi Sericho, kisha amerudi akasema hakuna, na sote tunajua yapo.

Baada ya chai Talaso aliketi mkabala nami, akaweka mbele yangu sinia la bati, lile la kuchagulia mchele, ili skrubu zisidondoke. Alinishika mkono, akaugeuza, akautazama. Haukutetemeka. Asubuhi mikono yangu ni mizima, na mwanamke niliyeishi naye umri huu wote analijua hilo.

Akasubiri.

Nilipokuwa na nguvu niliketi na watu wengi katika saa zao za mwisho. Wazee wenzangu, walimu, baba yangu mwenyewe. Niliwaambia ni safari, wasiwe na hofu. Niliyasema vizuri. Watu waliniita kwa ajili hiyo.

Nikamwambia Talaso kwamba zile sababu nilizompa Adan hazikuwa za kweli. Nilichagua vipande kwa kuwa haviishi haraka. Nilidhani mtu mwenye kazi mezani huachwa kwanza amalize. Na ndiyo maana sijaanza, kwa sababu kilichoanzwa huisha.

Akaitikia kwa kichwa taratibu. Akakata mdomo wa mfuko wa kwanza kwa meno, akaumimina kwenye sinia.

Ninaogopa kufa.