Eda Kabla ya Mikumi

Jumatatu, 22 Agosti 1994

Shule, foleni ya maji, nyumbani kwa mama. Njia yangu ndiyo hiyo tangu Juni. Mwenye eda hatembei ovyo. Shehe karuhusu kazi tu.

Leo darasa la tano, mbuga za wanyama. Mwaka wa tisa huu nafundisha Mikumi kwa picha iliyochanika, tembo hana makalio. Mtoto mmoja akaniuliza kama nimewahi kumwona tembo. Nikamwambia tuendelee na somo.

Mchana Mwalimu Agnes wa Masasi alipita na fomu. Walimu ishirini, wiki ya likizo, Mikumi. Basi la mtu binafsi. Siku hizi mwenye basi anakupeleka utakako, si kama zamani kungoja kibali. Linaondoka Masasi Jumatatu, tarehe kumi na tisa Septemba. Nilijaza jina kwa wino kabla sijaogopa.

Jumatano, 24 Agosti

Niandike hesabu yangu, nisije nikachanganyikiwa. Talaka moja toka kwa Baba Sharifa, Juni kumi na sita, nikiwa twahara, sina hedhi. Hedhi ya kwanza, Julai mosi. Ya pili, Julai thelathini. Ikianza ya tatu, eda imekwisha na Baba Sharifa hana neno tena juu yangu. Kabla ya hapo, akitamka tu "nimekurejea", mimi ni mke wake. Wala siulizwi.

Sirudi. Miaka minane naomba ruhusa kama mwanafunzi. Dada alilazwa hospitali ya Ndanda wiki tatu, nikanyimwa kwenda kumwona. Sharifa mwenyewe ni wa mke mdogo. Mimi sikuzaa, nikaitwa gogo.

Somo yangu, Bi Mwanahawa, aliyenifunda unyagoni, anazo hesabu zake. Kanipa uzi mwekundu. Kila hedhi inapoingia, anafunga fundo kwa mkono wake. Mpaka leo yapo mawili.

Jumatatu, 29 Agosti

Nilitegemea jana. Haijaja.

Agnes kaninunulia raba za mtumba gulioni Newala, maana mimi gulioni ni marufuku. Zinabana kidole gumba. Nimezivaa chumbani, nikatembea toka kitandani hadi dirishani. Hatua tano. Nikageuka, tano nyingine. Mama akauliza nacheza nini huko ndani.

Ijumaa, 2 Septemba

Haijaja. Naukasirikia mwili wangu.

Halafu leo nimejiponza. Mwalimu mkuu kaniuliza likizo nitakuwa wapi, nami, kwa furaha ya kijinga, nikamwambia Mikumi. Nikamhadithia mpaka raba. Mwalimu mkuu anaswali safu moja na Baba Sharifa! Mdomo uliponza kichwa, tunawaimbisha watoto kila siku.

Jumatatu, 5 Septemba

Habari imefika, na imerudi. Baba Sharifa kasema barazani msikitini kwamba atanirejea. Ila si leo. Atangoja miezi mitatu itimie, Ijumaa ya tarehe kumi na sita, siku ya mwisho kabisa, niwe nimeshafunga mzigo. "Kisha aufungue mwenyewe." Watu wakacheka.

Wala si kwamba ananipenda. Msimu huu wanunuzi binafsi wa korosho wanakuja na malori yao mpaka huku Makote, na mikorosho ya ukoo wetu inashuka kwa mama, kisha kwangu. Mwaka juzi alikuwa anaiita vichaka.

Somo kaja alasiri. Kafunga mlango, kanieleza wazi: "Sema imekuja. Nani atakuchungulia?" Mama akajifanya anachambua mchele. Neno lilinifika ulimini. Ningelitema tu, ningekuwa huru leo.

Sikulitema. Nikidanganya, mbele ya Mungu bado ni mke wake, hata nikiwa Mikumi. Mimi nataka kuachika kwelikweli. Somo akasema nina kichwa kigumu tangu nikiwa mwali. Akaondoka bila chai.

Jumatano, 7 Septemba

Haijaja. Sijala.

Alhamisi, 8 Septemba

Imekuja.

Kipindi cha tatu, hesabu za sehemu, nikiwa na chaki mkononi. Nilijua. Nikamalizia hesabu ubaoni, nikaikosea, watoto wakanisahihisha. Nikaomba udhuru, nikaenda moja kwa moja kwa Somo. Akafunga fundo la tatu, akalivuta kwa meno. Kisha akajitanda kanga akaenda kwa mke wa shehe, na mke wa shehe akamwambia mumewe kabla ya magharibi. Mama kasema tusitangaze. Kama mtu kajichagulia siku yake, aje siku yake.

Nimelia sana. Sijui kwa nini leo ndiyo nalia.

Ijumaa, 16 Septemba

Alikuja baada ya swala. Kanzu mpya, wazee wawili, mfuko wa sukari, doti ya kanga, na shehe mwenyewe kamchukua awe shahidi. Niliwaamkia wazee shikamoo. Baba Sharifa aliuona mzigo wangu umefungwa karibu na mlango, akatabasamu. Kisha akatamka: "Nimekurejea."

Shehe akamuuliza kahesabuje. Akasema kwa kalenda, leo miezi mitatu kamili. Shehe akasema eda ya mwanamke anayepata hedhi haiko kwenye kalenda ya ukutani, ni twahara tatu. Akanigeukia. Nikasema imekwisha tangu Alhamisi iliyopita.

"Muongo huyu!"

"Kwa jambo hilo mwanamke ndiye anayesadikiwa," shehe akasema. "Na mke wangu alinijulisha siku hiyohiyo."

Baba Sharifa akauliza mbona hakuambiwa. Shehe akajibu, "Hukuniuliza. Uliniambia tu nikufuate." Mzee mmoja akakohoa, nadhani alikuwa anacheka.

Shehe akamweleza kwamba kama ananitaka, sasa ni posa upya, mahari mapya, na lazima mwanamke aridhie. Akaniuliza palepale, naridhia? Miaka minane, ndiyo mara ya kwanza naulizwa kitu mbele ya yule bwana. Nikasema sitaki. Sauti ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

Kaondoka na sukari yake. Kanga kaisahau. Mama kamkimbilia nayo mpaka barabarani.

Angekuja Jumatano ile, siku moja kabla ya fundo la tatu, ningekuwa jikoni kwake sasa hivi. Silisahau hilo.

Jumatatu, 19 Septemba

Masasi, stendi. Nimelala kwa Agnes. Kaniazima darubini ya kaka yake, nimeivaa shingoni kama mtalii. Raba bado zinabana.

Basi lilikuwa liondoke saa kumi na mbili. Sasa ni saa nne. Wanasema fundi yuko chini ya gari. Walimu wenzangu wamekasirika, mmoja keshasema bora arudi kwake. Mbele yetu kuna siku mbili za vumbi na kivuko cha Rufiji, ndipo Dar, ndipo Mikumi.

Mimi nimekaa juu ya mzigo wangu, nakula muhogo wa kuchoma alionifungia Somo. Nangoja. Kungoja huku hakuniudhi.