Bomba la moshi la Kato

Anatolia, acha unachofanya usome. Kato amemuunguza mama wa mchumba wake Kyarimpa, na harusi yao ni mwezi ujao.

Ni ile pikipiki ya babu yake ya mwaka 1955. Alikuwa anamrudisha mama kutoka kanisani Nyaishozi. Kwenye mteremko bomba jipya la moshi likakatika palepale fundi Projest alipochomelea, likamlalia mama mguuni.

Mama hakulia. Pale zahanati alisema tu, "Binti yangu haolewi na mtu asiyekagua chombo chake." Akarudia mbele ya muuguzi.

Kato akamkimbilia Projest na kipande cha bomba mkononi. "Fundi, umeniua."

Projest akakigeuza kile kipande. "Hapa kwenye kiungo palikuwa na tuta la chuma nililochomelea. Ndilo linaloshika. Nani aliniambia nilisage mpaka liwe laini kama la kiwandani?"

Ni Kato mwenyewe, Anatolia. Alisimama pale na kitambaa cha kung'arishia akisema, "Bado, saga tena."

Kyarimpa amemwandikia Kato: "Sema ni kosa la fundi, mama atakusamehe."

Kato amemjibu ukweli, kwamba yeye ndiye aliyetaka lisagwe. Kyarimpa ameusoma. Hajaandika kitu tena.