Baba Ameondoka na Viatu vya Zamani

Wanangu,

Chakula kimefunikwa jikoni. Dada mkubwa, mpashie mdogo wako moto, na simu isizimwe.

Nimemfuata baba yenu uwanja wa gofu. Asubuhi nilimwambia, "Mvua imenyesha usiku kucha, vaa vile viatu vipya, vina meno ya kushika majani."

Akacheka. "Vile vizito, mama watoto. Wiki jana vimenipotezea mapigo manne. Hivi vya zamani havijawahi kuniumiza."

Soli imelika mpaka inateleza kama sabuni! Lakini baba yenu mnamjua, sikio la kufa.

Alipoondoka nikaokota soksi zake za jana nizifue. Moja imeganda damu kisiginoni. Hakusema neno, kwa sababu hajui. Tangu sukari impande, nyayo zake hazisikii kitu. Viatu hivyo haviwezi kumuumiza hata vikimla.

Nimempigia mara sita. Mara ya saba amepokea mbeba fimbo wake. Anasema mzee ameteleza kwenye mteremko wa shimo la tatu, ameinuka, anatania watu, anaendelea kucheza. Ila kila akikanyaga kwa mguu wa kushoto, majani yanabaki mekundu.

~~Bibi yenu asijue.~~ Mwiteni bibi aje akae nanyi. Kadi ya hospitali nimeichukua.

Tukipishana njiani, akafika akisema ameshinda, mpongezeni. Kisha mkalisheni, na asisimame tena mpaka nirudi.

Mama yenu