Disketi Yenye Harufu ya Udi

Mikindani, 4 Juni 2006

Mdogo wangu Mwanaamina,

Pokea salamu za nyumbani. Mimi mzima. Mama goti linamsumbua, anatembelea fimbo, mdomo hausumbuliwi na kitu. Wewe huko Dar u hali gani, na kazi ya ofisini?

Juzi Mama alikuwa akianika kanga za sandukuni, zile anazozifukiza udi. Ikadondoka disketi. Juu yake Baba ameandika kwa kalamu ya wino: "Pango la 11. Tumsubiri Mwanaamina."

Utakuwa hujasahau. Ule mchezo wa mchimbaji, uliokuja na kompyuta aliyoachiwa Baba mradi wa visima ulipofungwa. Yule mchimbaji Baba alimpa jina la Filipo, kumchokoza mtani wake aliyekuwa mchimba visima wa kweli. Na Filipo mwenyewe akawa hapitwi na alasiri, akimuuliza Baba: "Salumu, leo nimekufa mara ngapi?"

Sasa Mama anataka mchezo umaliziwe. Anasema marehemu haachiwi kazi nusu. Nikamwambia, Mama, ule ni mchezo tu. Akaniuliza kama kukaa steshenari kutwa nasubiri mtu wa fotokopi ndiyo kazi.

Kompyuta ya Baba haiwaki tena, kuku ametagia ndani ya kasha lake. Nimeitia disketi kwenye mashine yangu mpya ya dukani, ikajibu kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi humu. Je, ni udi?

Kaka yako,
Isihaka


Dar es Salaam, 22 Juni 2006

Kaka Isihaka, shikamoo, na shikamoo ya Mama umfikishie. Mimi nilikuwa na malaria, imeniachia tangu Jumatatu.

Si udi. Michezo ya wakati ule iliandikwa kwa mashine zisizo na mlinzi. Mchezo uliingia mpaka jikoni, ukafunua sufuria wenyewe, ukajipakulia. Mfumo mpya unamlinda mpishi: kila programu isimame dirishani, iombe. Ule mchezo wa Baba haujui kuomba.

Jaribu hivi. Bonyeza jina lake kwa kitufe cha kulia cha kipanya, utaona mahali pa kuuchagulia mfumo wa zamani. Ukikataa, mwambie Mama aihifadhi disketi tu.

Kuja siwezi kwa sasa. Ofisini kuna mambo mengi.

Mdogo wako,
Mwanaamina


Mikindani, 15 Julai 2006

Mwanaamina,

Tunashukuru umepona. Sisi tunaendelea. Na ofisi yenu nayo iombewe, ina mambo mengi tangu mwaka 2002.

Mchezo umefunguka. Lakini Filipo anakwenda kama aliyemwagiwa maji ya moto. Kabla sijaweka kidole, jiwe limeshamwangukia. Basi nikaona kama mashine ina nguvu kupita kiasi, niitwishe mzigo. Nikafungua kalenda, kikokotoo, kaswida mbili kwa pamoja, picha zote za harusi ya Zainabu, na barua ya Mzee Hemedi ya mgogoro wa mikorosho kule Mpapura. Filipo akapunguza mwendo kweli. Akatembea hatua tatu kiungwana, kisha mashine ikazimika. Barua ya Mzee Hemedi ilikuwa haijahifadhiwa, na sasa nina mgogoro wangu mwenyewe.

Filipo wa kweli alikuwepo, na fimbo yake. Akasema, "Siku hizi hata kufa nakimbizwa."

Mama alisimama nyuma yangu. Akauliza, "Mbona kimya? Baba yenu akicheza nyumba nzima ilikuwa inalia ti-ti-ti." Akaenda zake.

Isihaka, kaka yako


Dar es Salaam, 30 Oktoba 2006

Kaka, shikamoo. Mniwie radhi kwa kimya. Afya ninayo, barua ndiyo iliyokuwa nzito.

Kwenye bahasha kuna sidii. Mchezo ule hautazami saa, unahesabu hatua za mashine. Mashine ya Baba ilitembea, yako inakimbia, ndiyo maana Filipo anakufa haraka. Na sauti, mchezo unaitafuta kwenye kifaa ambacho mashine yako haina. Programu iliyo kwenye sidii inatengeneza kompyuta ya zamani ndani ya hiyo mpya, inajifanya kila kitu, hata uzito. Mwendo unaupunguza mwenyewe. Maelezo nimeyaandika nyuma.

Jingine. Siku ya msiba wa Baba, mwaka ule wa 2002, mlijua nimekwama Nangurukuru kwa mafuriko. Ni kweli. Lakini wenzangu walisubiri siku tatu wakavuka. Mimi niliposikia Baba ameshazikwa nilipanda gari la kurudi Dar. Tangu hapo sijui niingie kwetu kwa mlango gani.

Mwanaamina


Mikindani, 26 Novemba 2006

Mdogo wangu,

Wote wazima, na goti leo limepumzika.

Limefunguka. Pango la 11, Filipo ameinua sururu, pale pale mlipomwacha mwaka 1998 ulipokwenda Dar. Mwendo wake ni ule ule wa kivivu. Ti-ti-ti ikasikika mpaka barazani, Mama akaja bila fimbo.

Akataka kujua imekuwaje. Nikamweleza: mashine ni mpya, tumeiambia ijifanye ya zamani.

"Na inakubali?"

"Inakubali, Mama."

Akasema, "Basi na Mwanaamina aje, ajifanye hajaondoka."

Nilimsomea ile habari ya Nangurukuru, unisamehe. Alisema anajua tangu wiki ile, dereva wa basi lenu alimwambia. Alikuwa anangoja useme mwenyewe.

Mimi Mama amenikataza kugusa kibodi mpaka uje. Filipo wa kweli anakuja kila alasiri kujitazama akiwa hai, anasema hajawahi kuishi muda mrefu hivi. Nimeusimamisha mchezo na kuuhifadhi. Wateja wa fotokopi wanasubiri.

Kaka yako,
Isihaka


Dar es Salaam, 9 Desemba 2006

Kaka, shikamoo. Nami mzima.

Napanda basi Alhamisi. Huku wanasema mvua imeanza na barabara ya Lindi ni mbaya.

Mwambie Mama ikikatika, nitasubiri.

Mdogo wenu,
Mwanaamina